Lile gari linafanya nini mtoni?

Ukiutazama mchoro huu kwa mara ya kwanza, tuseme kwenye kalenda ya ukutani au kifuniko cha kopo la biskuti, huenda usione cha kuuliza. Kuna mto wenye maji ya kina kifupi, nyumba ya kijijini upande wa kushoto, miti, anga lililojaa mawingu, na katikati gari la farasi lenye wanaume wawili, limo ndani ya maji. Mbwa yuko ukingoni, analitazama. Basi. Hakuna vita, hakuna malaika, hakuna mfalme. Hata hivyo, mwaka 2005 wasikilizaji wa redio ya BBC walipopiga kura kuchagua mchoro bora kuliko yote iliyomo Uingereza, huu ulishika nafasi ya pili, nyuma ya mchoro wa Turner, mchoraji mwenzake wa zama hizo, wa meli kuukuu ya vita inayovutwa kwenda kuvunjwa.

Unaitwa The Hay Wain, maana yake gari la kubebea nyasi kavu za mifugo. Mchoraji wake, John Constable, hakuuita hivyo alipouonyesha London mwaka 1821. Yeye aliuandikisha kwa jina linalomaanisha tu "Mandhari: Adhuhuri". Hili la gari alilitumia rafiki yake, kasisi John Fisher, kwenye barua ya kumuuliza kazi imefikia wapi, na ndilo lililoshika. Pengine ni bahati. Adhuhuri haikuachii cha kufikiria, gari linakuachia.

Na kwa kweli gari ndilo linalowatatiza watu. Mbona linapitishwa kwenye maji, ilhali mzigo wake ni nyasi zinazotakiwa kukaa kavu? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza, gurudumu la mbao lililovishwa pete ya chuma hulegea wakati wa joto, kwa sababu mbao zikikauka husinyaa. Ukililowesha, mbao hufura na pete hukaza tena. Yeyote aliyewahi kutumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mpini usichomoke shambani hahitaji kuelezwa zaidi. La pili, farasi waliofanya kazi tangu asubuhi wanataka kunywa na kupoza miguu. Yote mawili yanaingia akilini. Ila jibu lililo karibu zaidi limechorwa palepale. Peleka jicho kulia kabisa, ng'ambo ya mto, kwenye uwanda wa malisho uliopigwa na jua. Kuna watu wadogo kama punje za mchele, mashati meupe, wanakata nyasi, na gari jingine linapakiwa. Gari letu ni tupu. Linavuka kwenda kuchukua mzigo. Mahali hapo panaitwa Flatford, na kipande cha mwisho cha jina hilo ni neno la Kiingereza la sehemu ambayo mto unavukika bila daraja.

Sasa jiulize mchoraji amesimama wapi. Yuko uani kwa kinu cha kusagia nafaka kinachozungushwa na maji ya mto Stour, mto unaotenganisha kaunti za Suffolk na Essex, mashariki mwa Uingereza. Kinu chenyewe hakionekani kwa sababu sisi watazamaji tumesimama kwacho. Kilikuwa cha baba yake. Mzee Golding Constable alikuwa mfanyabiashara wa nafaka: alikuwa na kinu Flatford, kingine Dedham, kinu cha upepo kijijini East Bergholt, matishari yaliyovutwa na farasi kando ya mto, na meli ndogo huko Mistley, karibu na mlango wa mto, iliyopeleka nafaka London. Alikuwa pia mmoja wa wasimamizi wa njia ya maji ya mto huo. John alizaliwa East Bergholt tarehe 11 Juni 1776, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo.

Kwa hiyo watu wanaposema huu ni mchoro wa "maumbile", mimi husita. Ni mchoro wa mahali pa kazi. Mto ule ulichimbwa, ukawekewa malango ya kupandisha na kushusha vyombo, ukalipiwa ushuru. Mtoto wa mwenye kinu anapotazama maji yale haoni utulivu peke yake. Anaona pia unga na pesa. Constable mwenyewe alitakiwa kuirithi biashara hiyo, maana kaka yake mkubwa alikuwa mgonjwa. Alifanya kazi vinuni kwa muda, kazi inayomfundisha mtu kulisoma anga, kwani mwenye kinu cha upepo asiyeona dhoruba ikija hupoteza mabawa ya kinu. Baadaye mdogo wake, Abram, akakubali kubeba mzigo huo, na mwaka 1799 John akaingia shule ya Royal Academy, chama cha wasanii jijini London, akiwa na miaka 22.

Nyumba ya kushoto nayo ina mwenyewe. Ni ya mkulima Willy Lott, ambaye inasimuliwa kwamba katika maisha yake ya zaidi ya miaka 80 alilala nje ya nyumba hiyo usiku wanne tu. Sijui nani alihesabu, lakini kisa hicho kinakupa ladha ya mahali. Nyumba ingali imesimama, na wageni huenda kupiga picha wakiwa pale alipokaa mchoraji.

Na hapo ndipo penye kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Tunadhani Constable alikaa pale, mto ukimpita miguuni, akachora alichokiona. La hasha. Mchoro huu ulichorwa London, mtaa wa Keppel, katika majira ya baridi kuelekea masika ya 1821, na mtu aliyekuwa na mke, watoto wadogo na kodi ya pango. Alichokuwa nacho ni madaftari ya michoro ya haraka, mingine ya miaka kumi nyuma, na kumbukumbu. Alikuwa na kasoro moja ya aibu kidogo: hakulikumbuka vizuri gari. Ikabidi aagize nyumbani. Kijana Johnny Dunthorne, mtoto wa fundi wa vioo na mabomba wa kijijini, akaenda kulichora gari la mavuno na mchoro ukatumwa London. Kitu kilichoupa mchoro jina lake, basi, kilisafirishwa kwa barua. Abram, aliyekuwa ameiona kazi ikiendelea, alimwandikia mwezi wa Februari akiwa na wasiwasi: kwa hali aliyoiacha, kila kitu kilikuwa bado.

Kabla ya kugusa turubai ya mwisho, yaani kitambaa cha kuchorea, Constable alifanya jambo lisilo la kawaida kwa mchoraji wa mandhari. Alichora kwanza nakala ya majaribio kwa rangi za mafuta, yenye ukubwa uleule wa mchoro kamili, na hakukusudia kuiuza. Nakala hiyo iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ni chafuchafu, ya kahawia, brashi imekwenda kwa pupa, na kuna watu leo wanaoipenda kuliko mchoro wenyewe. Mimi simo kati yao, lakini ninawaelewa.

Kwa nini ajitaabishe hivyo? Kwa sababu ya ukubwa. Mchoro una upana wa sentimita 185 na kimo cha 130. Katika Royal Academy ya wakati ule, turubai kubwa zilikuwa za mambo makubwa: visa vya Biblia, vita, mashujaa wa Kirumi. Mandhari ilikuwa jamaa wa mbali anayekaribishwa jikoni. Mandhari ya Uingereza yenyewe, bila hekalu la kale wala mungu wa Kigiriki kando ya chemchemi, ilikaa nje kabisa. Kuta za maonyesho zilijaa michoro kutoka sakafuni hadi darini, na mchoro mdogo haukuonekana. Tangu 1819 Constable alianza kuchora mto wake kwenye turubai za upana wa futi sita. Ya kwanza, ya farasi mweupe anayevushwa kwa tishari, ilimpatia uanachama mdogo wa Royal Academy akiwa na miaka 43. Turner, waliyepishana naye mwaka mmoja kwa umri, alikuwa mwanachama kamili tangu 1802. The Hay Wain ni ya tatu katika mfululizo huo. Kumpa mkokoteni nafasi ya mfalme: huo ulikuwa ubishi, ingawa leo hatuusikii.

Ubishi wa pili ulikuwa wa rangi. Wachoraji wa mandhari walizoea kuanza na kahawia mbele ya picha, kama michoro ya kale iliyofubazwa na vanishi, na wakusanyaji wa michoro walipenda hivyo. Sir George Beaumont, tajiri aliyemsaidia Constable ujanani kwa kumruhusu aione hazina yake ya michoro, alishikilia kwamba mchoro mzuri uwe na rangi ya fidla kuukuu. Inasimuliwa kwamba Constable alichukua fidla akailaza kwenye nyasi mbele ya nyumba, wakatazama. Hakuhitaji kuongeza neno. Katika The Hay Wain nyasi ni za kijani, na si kijani kimoja. Sogea karibu na majani ya miti juu ya nyumba: kijani kilichokolea, cha manjano, cha kijivu, vimewekwa ubavuni mwa vyenzake bila kuchanganywa, ili jicho lichanganye lenyewe. Kisha shuka kwenye farasi. Shingoni wamevaa matandiko yenye wekundu mkali, viraka vidogo tu. Vizibe kwa kidole na mchoro mzima unapoa; viachie na kijani kinawaka tena. Na juu ya maji, juu ya majani, kuna nukta nyeupe zilizotupwa kwa ncha ya brashi, za kuonyesha unyevu unavyomeremeta. Wakosoaji wa London waliziita theluji ya Constable, kwa kejeli. Walitaka uso laini, yeye akawapa uso uliokwaruzwa.

Anga ndilo linaloamua kila kitu hapo chini. Yale mawingu si pazia la nyuma. Upande mmoja yamekusanyika mazito kana kwamba mvua imepita au inakuja, na mwanga unaopenya kwingine ndio unaoangaza uwanda wa wakata nyasi na kuacha nyumba ya Lott kivulini. Kuna watu waliomshauri alichukulie anga kama shuka jeupe lililotandazwa nyuma ya vitu. Oktoba 1821 alimwandikia Fisher akikataa katakata, akisema anga ndilo kiungo kikuu cha hisia katika mandhari. Hakuishia kwenye maneno. Miaka ya 1821 na 1822 alipanda kilima cha Hampstead, kaskazini ya London, akachora mawingu peke yake mara kadhaa kwa siku, na nyuma ya karatasi akaandika tarehe, saa, na upepo unavuma kutoka wapi. Majina ya aina za mawingu tunayofundishwa shuleni yalikuwa mapya wakati huo, yalibuniwa na Luke Howard mwaka 1802. Ni barua hiyohiyo ya Oktoba iliyo na maneno yake maarufu kuhusu utoto: mlio wa maji yanayotoroka kwenye bwawa la kinu, mierebi, mbao zilizooza, nguzo zenye utelezi, kuta za matofali. Vitu hivyo, alisema, ndivyo vilivyomfanya awe mchoraji. Ona orodha yenyewe ilivyo. Hakuna ua hata moja.

Basi London ikasemaje mwaka 1821? Wachache waliusifu. Hakuna aliyeununua. Mwaka uliofuata akauonyesha tena mahali pengine, ukarudi nyumbani tena. Lakini kati ya waliopita mbele yake alikuwamo Mfaransa Théodore Géricault, mchoraji aliyekuja London na turubai yake kubwa ya manusura wa merikebu, akarudi kwao akiusimulia. Ndipo mfanyabiashara wa michoro kutoka Paris, John Arrowsmith, akatoa ofa ya pauni 70. Constable akakataa. Baadaye, akisukumwa na Fisher, aliyemwambia kwamba umma wa Kiingereza ungeanza kumthamini siku Wafaransa wakimthamini, akakubali: mwaka 1824 aliuza The Hay Wain, mandhari nyingine kubwa ya mto Stour na kipande kidogo cha baharini, jumla pauni 250.

Paris ilishangaa. Kwenye maonyesho makubwa ya mwaka huo, Mfalme Charles X alimtunuku nishani ya dhahabu. Eugène Delacroix, ambaye mchoro wake wa mauaji ya kisiwa cha Chios ulikuwa kwenye maonyesho yaleyale, anasemekana alirudi kwenye turubai yake na kuhuisha rangi za mandhari baada ya kuiona kazi ya Constable. Si wote waliokubali. Mwandishi Stendhal alisifu ukweli wake, akaulinganisha na kioo, kisha akanung'unika kwamba kioo hicho kingewekwa mbele ya milima mizuri badala ya gari la nyasi linalovuka maji yaliyotuama. Constable hakwenda kuona lolote kati ya haya. Hakuwahi kutoka nje ya Uingereza maisha yake yote.

Inabaki fundo moja, nalo ndilo gumu. Mchoro unaonyesha mchana wa amani, lakini miaka ile mashariki mwa Uingereza haikuwa na amani. Vita na Napoleon vilikwisha 1815. Bei ya nafaka ikaporomoka, wanajeshi wakarudi kutafuta vibarua ambavyo havikuwepo. Mwaka huohuo bunge, lililojaa wenye mashamba, likapitisha sheria ya kuzuia ngano ya nje mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha kota, takriban kilo 220. Mkate ukawa ghali kwa asiye na shamba. Mwaka 1816 vibarua wa eneo hilo walifanya ghasia wakidai chakula. Ardhi ya wazi ya East Bergholt kwenyewe ilikuwa imegawiwa na kuzungushiwa uzio. Mnamo Aprili 1822, mwaka mmoja tu baada ya mchoro, Constable alimwandikia Fisher kwamba Abram hana raha na hali ya Suffolk: haupiti usiku bila kuona moto, karibu au mbali. Vibarua walikuwa wakichoma mazao. Aliyajua yote haya.

Kwa hiyo alidanganya? Wako wahakiki wanaosema alificha: tazama vibarua wale, wamesukumwa mbali mpaka hawana nyuso, wamegeuzwa kuwa mashati meupe. Yeye alikuwa mhafidhina, mtoto wa mfanyabiashara aliyepata faida ngano ilipopanda bei. Wapo wanaomtetea kwa kusema alichora utoto wake, si gazeti. Mimi nadhani upande wa kwanza una ushahidi na wa pili una sababu. Mtu aliyehamia mjini hukikumbuka kijiji cha siku alizokuwa na miaka kumi, si cha barua iliyofika jana yenye habari za madeni na misiba. Lakini hilo halimwondolei swali, kwa sababu nyumba ya baba yake na mashati yale meupe yalitegemeana, na yeye alichagua umbali wa kuyatazamia. Umbali huo ni sehemu ya mchoro sawa na kijani chake.

Waingereza wenyewe wamekuwa wakimkumbusha. Mwaka 1980, wakati makombora ya nyuklia ya Marekani yalipokuwa yanapangwa kuletwa Uingereza, msanii Peter Kennard alitengeneza picha yenye makombora yamepakiwa juu ya gari hilohilo. Julai 2022 wanaharakati wawili waliopinga uchimbaji wa mafuta walibandika juu ya mchoro picha ya mandhari ileile iliyoharibiwa, yenye lami mahali pa mto na ndege angani, kisha wakajigandisha mikono kwenye fremu kwa gundi. Hakuna anayevamia mchoro usiojulikana. Ulikuwa umefika katika jumba la taifa, National Gallery, mwaka 1886 kwa zawadi ya mkusanyaji wa michoro Henry Vaughan, na kuanzia hapo ukaingia kwenye trei, kalenda na makopo ya biskuti.

Constable hakufaidi mengi. Maria, mke aliyemsubiri miaka saba kwa sababu babu yake, mchungaji wa East Bergholt, hakumtaka mchoraji, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1828 akiacha watoto saba. Miezi michache baadaye Royal Academy ikampa uanachama kamili, kwa ziada ya kura moja. Alikufa 1837.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya turubai yenyewe, tazama pale kwa mbwa. Kwenye ile nakala ya majaribio kuna mtu juu ya farasi kando yake. Katika mchoro wa mwisho alimwondoa, akaweka pipa mahali pake, kisha pipa nalo likamkera, akalifunika kwa rangi ya maji ya mto. Rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyopita. Pipa limeanza kurudi, kivuli cha kahawia hafifu ndani ya maji, na mbwa hajaligundua. Macho yake yako kwenye gari.